Safu ya Lugha: Ushuhuda si lazima uwe muujiza

Siku hizi kanisani, watu wakiitwa kutoa ushuhuda, wengi hungoja habari ya kupona saratani au kupata viza. Aliyepata unga wa kuwatosha wanawe hadi mwisho wa mwezi hukaa kimya. Neno limebanwa bure. Asili yake ni Kiarabu, shina moja na shahidi: ni maelezo ya aliyeona. Tusichanganye mambo matatu. Muujiza hupita kawaida. Shukrani ni kutambua wema uliotendewa. Ushuhuda ni kuutangaza wema huo mbele za watu. Wapo wanaohofu kwamba mambo madogo yatashusha hadhi ya ibada. La hasha! Shahidi hupimwa kwa ukweli wake, si kwa ukubwa wa tukio. Mkristo mwenye unga ndani asimame, aseme.