Laptopu ya Mwanafunzi: Historia Fupi ya Bei Nafuu

Juzi shangazi yangu alinipigia simu. Binti yake ameitwa chuo kikuu, na chama cha akina mama kimemkopesha shangazi shilingi elfu thelathini za kumnunulia laptopu. "Wewe ndiye umesomea mambo ya kompyuta, mwanangu," akaniambia. "Usikubali watu wa mjini watule."

Mkopo wa chama hauna mzaha. Ukinunua mashine ikafa baada ya miezi mitatu, deni bado utalilipa. Kwa hivyo kabla sijamjibu nilikaa nikajiuliza: hii laptopu ya bei nafuu ilitoka wapi hasa? Haya, twende pamoja.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1972 Alan Kay, mtafiti wa kampuni ya Xerox huko California, aliandika kuhusu kifaa alichokiita Dynabook: tarakilishi ndogo kama daftari, ambayo mtoto angeibeba popote. Jinsi alivyoiwaza haikuundwa. Zilizokuja sokoni zilikuwa za watu wa biashara. Osborne 1 ya mwaka 1981 iliuzwa dola 1,795, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, na skrini yake ilikuwa ya inchi 5 tu. Mwanafunzi gani angebeba mzigo huo mpaka darasani? Kwa zaidi ya miaka ishirini laptopu ikabaki kuwa chombo cha ofisi.

Kisha Januari 2005, kwenye mkutano wa Davos, Nicholas Negroponte wa MIT akatangaza kwamba ataunda laptopu ya dola 100 kwa watoto wa nchi maskini. Novemba mwaka huo huo aliionyesha mjini Tunis akiwa na Kofi Annan. Ilikuwa ya kijani, na ubavuni ilikuwa na mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Inasimuliwa kwamba Annan alipoujaribu, ule mkono ulimng'okea mkononi. Mashine iliyotengenezwa baadaye haikuwa nao.

Mashine hiyo, XO-1, ilianza kutengenezwa kwa wingi mwishoni mwa 2007. Ilikuwa na memori ya MB 256, hifadhi ya GB 1, na skrini iliyosomeka hata kwenye jua kali. Kama mtu wa kazi hii, nasema bila haya kwamba skrini ile ilikuwa kazi ya mafundi hodari. Lakini bei ilianzia karibu dola 188, na oda za mamilioni zilizotarajiwa hazikufika zote. Uruguay iliwapa wanafunzi wake wa shule za msingi za umma. Majirani zetu wa Rwanda nao walizinunua. Peru iligawa nyingi sana, lakini utafiti uliotolewa mwaka 2012 haukuona watoto wakiinuka katika hesabu wala lugha. Kumbe kugawa mashine ni jambo moja, na kufundisha kwa mashine ni jambo jingine.

Hata hivyo, mradi ule uliwashtua watengenezaji. Mwishoni mwa 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC 701: skrini ya inchi 7, memori ya MB 512, hifadhi ya GB 4, uzito chini ya kilo moja, na ndani yake Linux badala ya Windows. Watu waliigombania. Microsoft, iliyokuwa tayari inataka kuizika Windows XP, ikalazimika kuiongezea maisha kwa ajili ya vilaptopu hivyo. Lakini kuandika insha ndefu kwenye kioo cha inchi 7 ni adhabu, na tableti zilipoingia mwaka 2010 soko likahama. Kufikia 2013 vilaptopu vile vilikuwa vimekwisha.

Nasi Kenya tulijaribu. Mwaka 2010 ulikuja mpango wa Wezesha, uliompa mwanafunzi wa chuo kikuu ruzuku ya kununulia laptopu. Mwaka 2013 serikali iliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikafutwa mwaka 2014, na ilipofika 2016 kilichopelekwa shuleni kilikuwa tableti.

Sasa tazama: mwanafunzi wa Kenya hakumngojea Negroponte wala serikali. Alikwenda Moi Avenue na Luthuli kutafuta "Ex-UK". Makampuni ya Ulaya na Marekani hununua au kukodi laptopu za wafanyakazi, na baada ya miaka mitatu, minne hivi huzibadilisha. Zile kuukuu hukusanywa, husafishwa na kuuzwa tena, mpaka zinatufikia. Ni mashine zilizoundwa kufunguliwa na fundi, si kutupwa.

Mimi mwenyewe mwaka 2016 nilinunua ThinkPad T420, ya mwaka 2011, kwa hela za mkopo wa HELB. Muuzaji aliniapia kwamba betri ni nzima. Ilidumu dakika ishirini! Nikajifunza: chomoa chaja ukiwa bado dukani, uisubiri. Lakini betri ya T420 hubadilishwa kwa mikono mitupu, memori nikaiongeza mwenyewe, na shahada yote niliimalizia pale.

Historia hii imepata sura mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10. Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kwa hivyo ofisi zinazitoa laptopu za zamani, na kwa muuzaji zote zinaitwa "safi kabisa". Soma namba ya prosesa: i5-7300U ni kizazi cha saba, i5-8250U ni cha nane. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama utapata masasisho rasmi ya usalama. Ukipewa ya kizazi cha saba kwa bei nzuri, usiikimbie, lakini weka Linux kama ile Eee PC.

Basi nimemjibu shangazi: tutatafuta mashine ya ofisi ya kizazi cha nane, memori GB 8, hifadhi ya SSD, na pesa kidogo zibaki za betri. Mpya ya bei hiyo hung'aa, ila mara nyingi ina memori ndogo isiyoongezeka. Jumamosi tutakwenda mjini pamoja. Yeye atashika pesa, mimi nitachomoa chaja.