Habari za Msumeno na Meno Yake

Katika kitabu hiki cha jubilei wengine wamekwisha kuandika habari za majengo na za watu walioyajenga. Sisi twapenda kuandika habari za chombo kilichopasua mbao zake, yaani msumeno.

Hapo kale, katika misheni nyingi za Afrika Mashariki, gogo liliwekwa juu ya shimo. Mtu mmoja alisimama juu yake, na mwenziwe chini, akila unga wa mti kutwa nzima. Msumeno ule ulinolewa kwa tupa, na kwa maoni yetu mjuzi wa tupa alistahili heshima kuliko mwenye mikono ya nguvu.

Msumeno wa duara, ambao siku hizi huzungushwa na umeme chini ya meza katika karakana zetu za Babati, si jambo jipya: Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alipewa hati yake mwaka 1777. Ila bapa lake, ambalo mafundi huliita bledi, lataka akili ile ile ya kale. Bapa la inchi 10 la kupasua mti kwa urefu huwa na meno kama 24, makubwa, yenye ncha mfano wa patasi, na nafasi pana za kutolea unga. La kukata kwa kukingama huwa na meno 60 hata 80, yaliyonolewa upande upande kama visu. Mwenye kupasulia mninga bapa la meno 80 huunguza mti, huunguza na chuma, kisha hulaumu mti. (Mvule tu ndio wastahili lawama, maana huficha mawe ndani yake.)

Bapa la chuma kitupu likiwa butu, fundi hupitisha tupa katika kila jino kwa hesabu moja, lisizidi moja na kupungua jingine. Kisha huyapinda, moja kushoto na jingine kulia, ili njia iwe pana, bapa lisibanwe. Halafu ikaja tangsteni kabidi, ambayo kampuni ya Krupp ya Essen, Ujerumani, ilianza kuiuza miaka ya 1920 kwa jina la Widia, maana yake "kama almasi". Ncha zake huungwa kwa lehemu, nazo hudumu sana. Lakini tupa haiziwezi, ila jiwe la almasi. Hapo twaona hasara: kijana hununua bapa jipya, asijue jino lapaswa kukaaje.

Tena mara nyingi bapa si butu, ni ulimbo tu ulioganda ubavuni. Umeme ukatwe, bapa litolewe, lilowekwe katika mafuta ya taa na kusuguliwa kwa brashi, litakata. Bali lenye ufa kati ya meno, au lililogeuka samawati kwa moto, lisichomelewe kamwe: jino likiruka halichagui jicho.

Bapa hula karibu milimita 3 kila lipitapo, hata mapito manane hugeuza unga mbao nzima ya inchi moja. Wanavijiji wa Duru-Haitemba, wilayani kwetu, waliokabidhiwa ulinzi wa msitu wao miaka ya 1994 na 1995, waijua thamani ya inchi hiyo.

Mabapa yaliyokwisha kabisa huenda kwa wahunzi, nao huyakata visu vya jikoni.