Foleni ya Darajani: Chimbuko la Somo la Vitu na Miundo ya Data

Katika mitaala ya vyuo, somo la miundo ya data na somo la uandishi wa programu kwa kutumia vitu mara nyingi hufundishwa pamoja au kwa kufuatana, na ni rahisi kudhani kwamba ujirani huo umetokana na upangaji wa ratiba, ilhali historia inaonyesha kwamba sehemu muhimu ya somo la pili ilizaliwa kutokana na tatizo la somo la kwanza. Muundo wa data ni utaratibu wa kupanga taarifa ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ili ziweze kupatikana, kuongezwa na kuondolewa bila kupoteza muda. Miongoni mwa miundo ya mwanzo ni orodha ya viungo, ambamo kila kipande cha taarifa hubeba anwani ya kipande kinachokifuata, nao Allen Newell, Cliff Shaw na Herbert Simon wa Marekani waliitumia katika lugha yao ya IPL katikati ya miaka ya 1950.

Muundo huo ulikutana na dhana ya kitu, yaani kipande cha programu kinachobeba taarifa pamoja na matendo yake, huko Oslo, katika Kituo cha Kompyuta cha Norway, ambako Kristen Nygaard, aliyekuwa amefanya hesabu za utafiti wa kijeshi kwa miaka mingi, na Ole-Johan Dahl, bingwa wa kuandika programu, walibuni kuanzia 1962 lugha ya uigaji, yaani lugha ya kuieleza kompyuta mwenendo wa shughuli halisi, kama vile kazi za kiwandani au msongamano wa magari, ili mwenendo huo uchunguzwe kabla fedha hazijatumika. Lugha hiyo iliitwa Simula.

Shughuli za namna hiyo zimejaa foleni, na hapo ndipo ugumu ulipojitokeza. Wabunifu hao walichambua mfano wa daraja lenye kituo cha kulipia ushuru, ambapo malori, mabasi na magari mengine husubiri katika mstari mmoja: foleni inahitaji kila gari liwe na kiungo cha kuliunganisha na lililo mbele na lililo nyuma yake, lakini lori lina shehena na basi lina abiria, kwa hiyo taarifa za kila moja hupangwa tofauti, na kuandika upya taratibu za foleni kwa kila aina ya gari kungekuwa kazi isiyokwisha. Tony Hoare wa Uingereza alikuwa amekwisha kupendekeza namna ya kugawa rekodi, yaani mafungu ya taarifa zinazohusiana, katika klasi na klasi ndogo, na pendekezo lake liliwasaidia sana, ingawa halikulimaliza tatizo lao. Jibu lilipatikana kati ya mwisho wa 1966 na mwanzo wa 1967: sehemu ya kiungo iandikwe mara moja tu kama klasi, yaani kielelezo kinachotaja taarifa na matendo ya vitu vya aina moja, kisha klasi ya lori na klasi ya basi zitanguliziwe klasi hiyo, ili kila kitu kinachoundwa kiwe na tabaka la kiungo na tabaka la sifa zake chenyewe. Utaratibu huo ndio unaoitwa leo urithi. Dahl na Nygaard waliuwasilisha Mei 1967 katika mkutano wa Lysebu, Oslo, na lugha iliyotokana nao ikaitwa Simula 67.

Madarasa yalichelewa kuupokea urithi. Pascal ya Niklaus Wirth, iliyotoka 1970 na ambayo haikuwa na klasi, ilitawala ufundishaji kwa muda mrefu, huku fikra ya Simula ikipitia Smalltalk ya Alan Kay na wenzake, kisha mikononi mwa Bjarne Stroustrup, aliyeitumia Simula alipokuwa Cambridge na ambaye kuanzia 1979 aliitia fikra hiyo ndani ya lugha ya C hadi ikazaliwa C++. Java ilifuata 1995. Mtihani wa Marekani wa sayansi ya kompyuta, unaowapima wanafunzi wa sekondari kwa kiwango cha chuo, ulianza 1984 kwa Pascal, ukahamia C++ mwaka 1999 na Java mwaka wa masomo 2003/2004.

Kwa hiyo kozi inayoanza kueleza urithi kwa mifano ya mbwa na paka, kisha ikaifikia foleni wiki nyingi baadaye, humpa mwanafunzi jibu kabla hajaliona swali. Foleni inastahili kutangulia.