Nani Aliyechagua Ua Hili: Uchapaji wa Vitambaa Kutoka Msitu wa Ituri Hadi Ufuko wa Tchomia

Mama anayejua vitambaa hakitazami kikwembe usoni kwanza. Hukigeuza. Rangi ya ndani ikiwa imekolea sawa na ya nje, bei itazungumzwa. Ikiwa imepauka, mazungumzo huishia hapo. Kisha hukunja kona, akaisugua kwa kidole gumba, akasoma maandishi madogo yaliyochapwa ukingoni. Tchomia, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert, kiasi cha kilomita 60 kutoka Bunia, ukaguzi huu hufanyika karibu na marundo ya samaki wa chumvi, na malipo huwa faranga, shilingi ya Uganda au dola, kutegemea nani amevuka ziwa wiki hiyo.

Anachokagua mama huyu ni mbinu ya uchapaji. Hahitaji kujua majina ya mashine. Anajua tu kwamba kuna rangi iliyoingia ndani ya uzi na rangi iliyopakwa juu yake, na kwamba hizo mbili hazifuliki sawa.

Wanaoandika historia ya uchapaji wa nguo hupenda kuipanga kama ngazi: mkono chini, kompyuta juu, kila hatua ikiishinda iliyotangulia kwa kasi. Kasi imeongezeka kweli. Lakini kwa mvaaji, swali zito ni lingine: nani aliyechagua ua hili? Kila mbinu ina gharama ya kuanzia, yaani kazi inayopaswa kufanywa kabla ya yadi ya kwanza kupata rangi. Gharama hiyo ikiwa ndogo, mvaaji mwenyewe anaweza kuamua mchoro. Ikiwa kubwa, uamuzi huhamia kwa yule mwenye mtaji wa kuibeba.

Ituri ina bahati ya kuwa na mwanzo wa hesabu hii nyumbani kwake. Magharibi mwa Bunia, katika misitu ya Mambasa na Epulu, Wambuti wamekuwa wakitengeneza nguo za magome. Wanaume hubandua gome la ndani la miti ya jamii ya mtini, hulilowesha, kisha hulitwanga kwa nyundo ya mti au, zamani, ya pembe ya ndovu, mpaka lilainike na kupanuka. Baada ya hapo kazi huwa ya wanawake. Hukamua maji ya tunda la jamii ya gardenia, huyachanganya na masizi ya mkaa kupata rangi nyeusi, kisha huchora kwa kidole au kijiti: mistari inayokatika, vyandarua visivyokamilika, nukta zinazoanza upande mmoja na kuishia pasipotarajiwa. Hakuna ulinganifu, na hakuna aliyeutafuta. Nguo hizo zilivaliwa hasa kwenye ngoma na sherehe kama elima, ya wasichana wanaovunja ungo.

Mkali wa istilahi atasema huu ni uchoraji tu, haujafika kuwa uchapaji. Ni kweli. Kuchapa maana yake ni kurudia, na mama wa Epulu harudii. Naanza naye kwa sababu yeye ndiye sifuri ya kipimo: gharama yake ya kuanzia ni tunda na kaa la moto, na mamlaka yake juu ya mchoro ni kamili. Ng'ambo ya ziwa, Uganda, magome ya mutuba hutwangwa hivyohivyo kuwa lubugo, kazi ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote.

Kurudia kulianza kwa muhuri wa mbao. Huko Gujarat, pwani ya magharibi ya India, mafundi walichonga ua kwenye kipande cha mti mgumu, wakakichovya kwenye rangi na kukigonga juu ya pamba, tena na tena, muhuri mmoja kwa kila rangi. Vitambaa vya Gujarat viliuzwa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi. Muhuri huchongwa kwa siku kadhaa, lakini ukishakuwepo hutumika kwa muda mrefu, na fundi anaweza kuchapa vipande ishirini vya aina hii asubuhi na vingine vya aina nyingine jioni. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Kutch na Jamnagar waliweza kufuata ladha ya kila bandari, wakabadilisha rangi msimu uliofuata Mombasa au Zanzibar walipolalamika.

Bara letu la ndani halikupewa nafasi hiyo. Wangwana waliofika misitu ya Ituri miaka ya 1880 kutafuta pembe, akina Kilonga-Longa na Ugarrowwa ambao mvumbuzi Stanley aliwakuta huko mwaka 1887, walikuwa watu wa merikani na kaniki: pamba nyeupe isiyochapwa, iliyoanza kuingia Zanzibar kwa wingi baada ya Marekani kutia sahihi mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na ileile ikiwa imetiwa rangi ya buluu iliyokoza. Nguo hapa ilikuwa fedha, na fedha haihitaji maua. Stanley alipokutana na Emin Pasha, gavana aliyetumwa kumkomboa, kando ya Ziwa Albert, tarehe 29 Aprili 1888, mkombozi ndiye aliyekuwa amechakaa, naye aliyekuja kukombolewa alikuwa ndani ya suti nyeupe ya pamba iliyopigwa pasi.

Wakati huohuo, Ulaya ilikuwa imeshahama kutoka kwenye mbao. Mwaka 1783 Thomas Bell alipata hataza ya mashine ya rola za shaba. Mchoro huchongwa kwenye rola, rangi hujaa kwenye mifereji, kisu hukwangua ya ziada, na kitambaa hupita bila kusimama. Rola moja kwa rangi moja, kama ilivyokuwa kwa mihuri. Tofauti ni kwamba rola ya shaba ni ghali, kuichonga ni kazi ya fundi bingwa, na hailipi mpaka izungushe maelfu ya yadi. Hapo ndipo mvaaji alipopoteza kalamu. Ua likawa linaamuliwa Manchester, na mtu wa Bunia akawa na uhuru wa namna moja tu, kununua au kuacha.

Lakini rola ilizaa pia kitu ambacho hakuna aliyekipanga. Waholanzi walitaka kuiga batiki ya Java kwa mashine ili wakaiuze hukohuko Java. Katikati ya karne ya 19, Prévinaire wa Haarlem alipata njia ya kuchapa ulimbo wa moto pande zote mbili za kitambaa kwa wakati mmoja. Vlisco ya Helmond, iliyoanza mwaka 1846, baadaye ikawa jina kubwa la kazi hiyo. Kitambaa kilichopakwa ulimbo huzamishwa kwenye nili. Palipo na ulimbo, rangi haiingii. Ila ulimbo ukipoa hukauka na kupasuka, na nili hupenya kwenye nyufa, ikiacha vijimshipa vya buluu juu ya sehemu iliyotakiwa kubaki nyeupe. Ulimbo ukioshwa nusu, mabaki yake huacha vidoa vyeupe kama mapovu. Rangi nyingine zilizofuata ziligongwa kwa muhuri wa mkono kwa muda mrefu, na mkono hautui mahali palepale mara mbili.

Kwa Wajava, nyufa hizo zilikuwa uchafu. Fundi wao stadi huziepuka. Kwa wanunuzi wa Afrika Magharibi, ambako mfanyabiashara Mskoti Ebenezer Brown Fleming aliufikisha mzigo huo Gold Coast miaka ya 1890, zilikuwa uthibitisho. Hakuna yadi mbili zinazofanana, kwa hiyo hakuna mwenzako mtakayelingana naye kabisa sokoni. Mashine iliyojengwa ili irudie ilithaminiwa kwa pale iliposhindwa kurudia. Kwangu, hili ndilo jambo la kuvutia kuliko yote katika historia nzima ya kikwembe, na linaeleza kwa nini hata leo waksi ya Uholanzi hutunzwa sandukuni Ituri, ikitolewa kwa mahari na sikukuu.

Wauzaji wanawake wa Afrika Magharibi nao walijirudishia sehemu ya kalamu. Kiwanda kilikuwa na namba za michoro. Wao waliipa majina, wakasukuma iliyouzika na kuizika isiyouzika, na Helmond ikajifunza kusikiliza. Pwani ya Afrika Mashariki, njia ilikuwa nyingine: kanga ilichapwa jina lake juu ya kitambaa chenyewe. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na linalojulikana kwa "Mali ya Abdulla", liliagiza kanga zenye maneno yaliyoendana na masikio ya Waswahili. Kiwanda kilikuwa mbali, lakini sentensi ilitungwa karibu.

Vitambaa vilifikaje huku kwetu? Kwa reli kutoka Mombasa, kisha barabara na meli ndogo. Katika enzi ya ukoloni meli za shirika la reli la Kenya na Uganda zilitoka Butiaba, upande wa Uganda, na kutia nanga Kasenyi, jirani wa Tchomia upande wa kusini, na kutoka hapo lori lilipanda mteremko kwenda Bogoro, Bunia na migodi ya dhahabu ya Kilo. Kwa kuwa bonde la Kongo lilikuwa eneo la biashara huria tangu mkataba wa Berlin wa 1885, Wabelgiji hawakuweza kufunga mlango kirahisi, na miaka ya 1930 pamba ya bei rahisi ya Japani ilifurika pande zote za ziwa.

Jibu la Kongo lilikuwa viwanda vyake. Kampuni ya Texaf iliundwa mwaka 1925, na kiwanda chake cha Léopoldville, Utexléo, kikawa mchapaji mkubwa wa nchi, kikila pamba ambayo wakulima, wa Uele wakiwemo, walilazimishwa kulima. Baada ya uhuru kiliitwa Utexafrica, na miaka ya 1970 Kisangani nayo ikapata Sotexki. Ndipo mteja mpya mwenye uwezo wa kulipia rola alipojitokeza: dola lenyewe. Katika siasa ya uhalisi ya Mobutu wanaume walivaa abacost, suti isiyo na tai, wanawake walikatazwa suruali na mawigi, na kikwembe kikawa sare ya taifa. Sura ya rais ilichapwa kifuani, mgongoni na kwenye makalio. Kuanzia mwaka 1973 ziwa nalo liliitwa Mobutu Sese Seko, kwa hiyo mume alivua samaki katika Mobutu na mke akamvaa Mobutu. Ua liliamuliwa Kinshasa sasa, si Manchester. Sijui kama mama wa Tchomia aliona tofauti.

Makanisa yalifuata, na kwa nia njema zaidi. Mtawa Anuarite wa Wamba alipotangazwa mwenye heri tarehe 15 Agosti 1985, ibada ya Kinshasa ilimfanya msichana wa kaskazini-mashariki kuwa sura ya kuvaliwa na wamama wa parokia. Kila tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, hadi leo huja na kitambaa chake.

Wingi huo wa vitambaa vya hafla uliwezekana kwa sababu rola ya shaba ilikuwa imepata mpinzani. Mwaka 1963 kampuni ya Stork ya Uholanzi ilionyesha skrini ya mzunguko: silinda nyembamba ya nikeli yenye vitundu visivyohesabika, rangi ikisukumwa kutoka ndani. Kutengeneza silinda ni rahisi kuliko kuchonga shaba, kwa hiyo kiasi cha chini cha oda kilishuka. Viwanda vya China vilivyochukua soko la waksi, wenye nembo ya Hitarget wakiwa miongoni mwao, vilitumia wepesi huo. Utexafrica, iliyokwisha kudhoofishwa na uporaji wa 1991 na 1993 na magendo ya mipakani, ilizima mashine zake katika muongo wa kwanza wa karne hii.

Waksi hiyo ya kuiga huchapa hata nyufa. Hapa ndipo ukaguzi wa mama unapostahili heshima ya maabara. Ufa wa ulimbo halisi hautokei mara mbili; ufa uliochorwa kwenye silinda hurudi kila silinda inapomaliza mzunguko, na mzunguko wa kawaida ni sentimita 64. Tandaza yadi mbili, weka kidole juu ya kijimshipa kimoja cha buluu, kisha tafuta ndugu yake mbele. Ukimkuta mahali palepale pa ua lilelile, rangi imechapwa juu, na upande wa ndani utakwambia hivyohivyo. Sidharau kitambaa hicho. Kimemvika mtu ambaye Helmond haikumfikiria kamwe, na waliokimbia vita vya Djugu kwa mitumbwi mwaka 2018 walivuka kwenda Uganda wakiwa wamefunga watoto na vyombo ndani yake.

Kompyuta imekuja Ituri kwa mlango wa msiba. Katika vibanda vya Bunia, picha ya marehemu hutolewa kwenye simu, huwekewa jina na tarehe, huchapwa kinyume kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi hulazwa juu ya fulana na kubanwa kwenye mashine ya joto la karibu nyuzi 200. Wino hugeuka mvuke na kuingia kwenye uzi. Chini ya dakika moja, kazi imekwisha. Gharama ya kuanzia ni karibu hakuna: fulana moja inawezekana, na ya mia haina nafuu kubwa kuliko ya kwanza. Kalamu imerudi kwa mvaaji kwa kiwango ambacho hakijaonekana tangu mama wa Epulu na tunda lake.

Ila kuna sharti. Wino huo hushika poliesta. Juu ya pamba huondoka na maji ya kwanza. Kuchapa pamba kwa matone ya wino kunawezekana, lakini kitambaa lazima kitayarishwe kwa dawa, kichapwe, kitiwe mvuke na kuoshwa vizuri, jambo linalotaka maji mengi na umeme usiokatika. Vibanda vya Bunia hufanya kazi kwa jenereta na sola. Kwa hiyo mwenye msiba anayeshuka Tchomia, ambako joto la bonde si la Bunia, huvaa sura ya mzee wake juu ya uzi usiopitisha jasho, na chini hujifunga kikwembe cha pamba. Akitaka sura hiyo juu ya pamba, yuko fundi wa skrini ya mkono mwenye fremu ya mbao na wavu wa nailoni, ambaye atamuuliza kwanza anataka rangi ngapi, kwa kuwa kila rangi ni fremu nyingine na bei nyingine.