Barafu ya Mlima Kenya katika Mstari Mmoja

Mtu asimamaye Embu alfajiri, au Meru upande wa pili, mawingu yakiwa yamejitenga, huuona Mlima Kenya umevaa weupe, naye aweza kuapa kwamba haukubadilika tangu enzi za babu zake. Lakini weupe ule mara nyingi ni theluji ya usiku uliopita, na jua likipanda hutoweka. Barafu ya kudumu ni habari nyingine, na historia yake yataka tarakimu.

Barafu iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani ilipewa jina la Lewis na J. W. Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyeifikia mwaka 1893. Kuipa jina si kuipima. Hesabu itumiwayo leo yaanzia mwaka 1934, Wajerumani wawili, Carl Troll na Karl Wien, walipoichora ramani yake. Wien alifia katika maporomoko ya theluji huko Nanga Parbat mwaka 1937, asiione ramani ya mwaka 1963. Zikafuata za 1974, 1978, 1982 na nyinginezo hadi 2010.

Sasa tuziandike tarakimu hizo katika faili la maandishi matupu, kila mstari mwaka mmoja na eneo lake. Kompyuta husoma mstari wa kwanza ikatia nukta, ikasoma wa pili ikaunganisha, na kuendelea. Yaweza pia kuutoa mchoro wote kwa mara moja, lakini mimi naona ni bora uchorwe hatua kwa hatua, kwa kuwa ndivyo wapimaji walivyoupata. Mwaka 1934 kuna nukta moja tu, nayo haisemi lolote. Mwaka 1963 zimekuwa mbili, na baina yake miaka 29 ambayo mstari huivuka kwa kudhania.

Hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Huzitenga nukta kwa nafasi sawa, kana kwamba toka 1934 hadi 1963 ni sawa na toka 1978 hadi 1982. Miaka 29 ikibanwa hivyo, upungufu wa zamani huonekana mkali kuliko ulivyokuwa, na kasi ya baadaye hufichika. Na kasi ndiyo habari yenyewe: ujazo wa barafu ulipotea upesi zaidi karibu na mwanzo wa karne ya 21.

Mwaka 2010 eneo lilikuwa kilometa ya mraba 0.105, yaani kama ekari 26. Tangu 1934 barafu ilikuwa imepoteza asilimia 79 ya eneo lake na asilimia 90 ya ujazo wake.

Wako wasemao kwamba barafu ikiisha Rupingazi na Kathita zitakauka siku hiyo hiyo. Mchoro huu hausemi hivyo. Maji mengi ya mito hiyo hutokana na mvua na misitu ya miteremkoni, nayo yahitaji faili lake.