Neno Set na Wanakamusi wa Oxford

Katika maneno yote yaliyokusanywa katika ile kamusi kuu ya Oxford, iliyotimia mwaka 1928 baada ya kazi ya takriban nusu karne, lililopewa maelezo marefu kupita yote halikuwa neno la ilimu wala la dini, bali ni set, lenye herufi tatu tu. Kwa kitenzi hicho kimoja Mwingereza hutega mtego, huandika meza, huunga mfupa uliovunjika, hurekebisha saa na kukata bei, na jua nalo likichwa husemwa kwa neno lilo hilo.

Asili yake ya kale ni kukalisha, na maana nyingi zimechipuka humo. Ama jina lenye maana ya jamii ya vitu, ambalo kwetu limekuwa seti ya vikombe, lilipitia Kifaransa kutoka Kilatini, kisha yakachanganyika.

Mhariri wao mkuu, James Murray wa Uskoti, aliyeianza kazi mwaka 1879, alifanyia shughuli zake katika banda la mabati lenye baridi kali, akipokea vipande vya karatasi vilivyoandikwa sentensi na wasomaji wa kujitolea kutoka nchi nyingi, na kila maana ikathibitishwa kwa ushahidi wa maandishi. Subira hiyo naistahi mno. Murray alifariki mwaka 1915, kamusi haijesha. Katika masahihisho ya karne hii, set limepitwa na run, ambalo kama kitenzi limehesabiwa maana 645.