Madini yasiyohitaji sururu

Ukitaja madini Mbinga, watu hukumbuka kwanza makaa ya mawe ya Ngaka. Basi mhudumu wa afya akisimama kliniki na kusema kuwa maharage yana madini, asishangae akichekwa. Kicheko hicho kina haki yake, maana asili ya neno ni Kiarabu, na huko ni mahali panapochimbwa. Sisi tumelihamishia kwenye sahani bila kumpa msomaji hata neno moja la maelezo.

Waandishi wa lishe wamejaribu kulitenga kwa kulitia mkia: madini chumvi. Silipendi. Mama aliyekwisha kuambiwa apunguze chumvi anaambiwa tena ale madini chumvi, kumbe yanayokusudiwa ni chuma, zinki, kalsiamu na wenzao. Neno madini peke yake latosha, tena linafundisha jambo ambalo vitamini halifundishi. Vitamini nyingi hutengenezwa na viumbe. Mpera ulioko kata ya Mapera hujitengenezea vitamini C yake kutokana na sukari iliyozaliwa na jua, na tunda lake huliacha chungwa mbali sana. Lakini hakuna mti wala ng'ombe awezaye kutengeneza chuma. Chuma cha kwenye haragwe kilikuwa udongoni, na mchimbaji wake ni mzizi.

Wamatengo wa Mbinga hawahitaji kuelezwa hilo kwa kirefu. Katika kilimo cha ngoro hufyeka nyasi, wakazipanga miraba miraba mteremkoni, kisha wakazifukia kwa udongo unaochimbwa katikati. Shimo linalobaki hushika maji ya mvua, nyasi zikaoza, rutuba haisombwi. Kutoka rutuba hiyohiyo ndiko tulikopata virutubishi, jina la jumla la vitamini, madini na vingine vyote vinavyoulisha mwili. Ni istilahi iliyotoka shambani, na sijui iliyo nzuri kuishinda.

Neno vitamini ni mgeni. Casimir Funk, Mpolandi, alilitunga mwaka 1912 kwa vita ya Kilatini, yaani uhai (si vita vyetu!), akaliunganisha na amini, kundi la kemikali. Baadaye ikaonekana si vitamini zote ni amini, na mwaka 1920 Jack Drummond akaikata e ya mwisho wa neno la Kiingereza. Kiswahili kikaweka i yake, mambo yakaisha.

Lililonivutia zaidi ni madini joto, jina letu la iodini. Bernard Courtois alipoigundua mwaka 1811, mvuke wake ulikuwa wa zambarau, na wanasayansi wakaipa jina la Kigiriki la rangi hiyo. Kiswahili kimeiacha rangi kikashika kazi: tezi ya shingo huitumia kutengeneza homoni zinazoongoza jinsi mwili unavyochoma chakula na kupata joto. Ni tafsiri ya kijasiri, ingawa ina mtego. Chumvi yenye madini joto ikianikwa juani, ikiachwa wazi penye unyevu au ikichemka mno jikoni, madini hayo hupungua. Jina linasifu joto, nacho chungu chapaswa kutiwa chumvi kikikaribia kuepuliwa.

Nyanda za juu za kusini zililijua rovu, uvimbe wa shingo unaoletwa na upungufu wa iodini, kabla ya kuijua istilahi. Mvua za milimani huosha iodini udongoni, na hapo mzizi hauna cha kuchimba. Wa ufukweni nao wasijisahau: Ziwa Nyasa si bahari, na samaki wa maji baridi kwa kawaida ana iodini kidogo kuliko wa baharini. Usipa wa Mbamba Bay, akiliwa mzima na mifupa yake, ni hazina ya kalsiamu, lakini iodini mvuvi wake aitafute kwenye chumvi. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri huongeza shida, kwani sianidi inayobaki hugeuzwa mwilini kuwa kitu kinachoizuia tezi kuchukua iodini.

Na hayo yote ni kwa ajili ya mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, 250 kwa mjamzito. Mtu akijaliwa miaka 70, madini joto yote atakayohitaji ni kama gramu 4, hayajazi kijiko cha chai.